Lenzi Iliyoinama na Picha za Benaco

Katika njia panda ya Benaco, hapo barabara itokayo Rusumo ikutanapo na ile iendayo Ngara mjini, pana duka dogo la kupiga picha na kutoa nakala. Ukutani mwake zimetundikwa picha mbili kubwa, nazo zimekuwa maneno ya watu wengi wapitao. Wengine huzisifu, wengine hucheka, na mtu mmoja au wawili wametoka mle dukani wamenuna. Mimi nimekwenda kuzitazama mara tatu. Na kwa kuwa watu wameniuliza ni jambo gani hasa lililofanyika katika picha hizo, na kama ni jema au si jema, nimeona heri niyaandike haya ili tuyapime pamoja.

Picha ya kwanza ni ya Benaco kama ilivyo siku hizi. Kijana mwenye duka alipanda kilimani wakati wa asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali, akaielekeza kamera yake chini kwenye maegesho ya malori. Yamo malori yaendayo Rwanda na yale yarudiyo, yenye maturubai ya buluu na mekundu. Yamo mabanda ya mama lishe, na bodaboda waliojipanga wakingoja abiria. Lakini ukanda mmoja tu wa katikati ndio ulio dhahiri. Juu yake na chini yake kila kitu kimefunikwa na ukungu laini. Ukiitazama, macho yako yakataa katakata kwamba hayo ni malori yabebayo tani thelathini. Yaonekana kama vigari ambavyo mtu angeweza kuvichukua kwa vidole viwili na kuvitia mfukoni.

Nilichukua nakala ndogo ya picha hiyo, nikawaonyesha watoto wa darasa la nne pasipo kuwaambia neno. Nikauliza, "Hivi ni vitu gani?" Wakajibu kwa sauti moja kwamba ni vigari vya kuchezea. Mtoto mmoja, ambaye hujitengenezea malori ya waya na kuyatia magurudumu ya ndala zilizochakaa, aliuliza ni nani aliyeyatengeneza vizuri hivyo, na rangi ile aliipata wapi. Nilipowaambia kwamba ni Benaco, walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kusukumana wapate kuyatafuta maduka wanayoyajua.

Basi jambo hilo lafanyikaje? Msomaji, chukua punje moja ya hindi, funga jicho moja, uishike punje hiyo karibu sana na jicho lililo wazi, karibu kama uwezavyo kuiona vyema. Ukiikazia macho punje, kilima kilicho nyuma yake hupotea katika ukungu. Ukikikazia macho kilima, punje ndiyo hufifia. Kamera nayo iko vivyo hivyo: ikipiga picha ya kitu kidogo kilicho karibu, huweza kukionyesha dhahiri kipande chembamba tu, na vilivyo mbele na nyuma ya kipande hicho hutiwa ukungu. Lakini ikipiga picha ya kijiji kizima kutoka mbali, karibu vyote huwa dhahiri pamoja. Akili zetu zimeizoea sheria hiyo tangu utotoni bila sisi kujua. Kwa hiyo, mtu akituonyesha kijiji kizima chenye ukanda mmoja tu ulio dhahiri, akili hukata shauri upesi kwamba kitu hiki ki karibu sana, na kama ki karibu sana, basi ni kidogo sana. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley waliandika juu ya jambo hilo, wakaonyesha jinsi ukungu unavyobadili umbali na ukubwa ambao mtazamaji hudhani anauona. Wale watoto wangu wa darasa la nne hawakudanganyika kwa ujinga. Walisoma ishara kama zilivyoandikwa, ila mwandishi wake ndiye aliyezipanga kwa hila.

Chombo cha kufanyia kazi hiyo ni lenzi iwezayo kuinamishwa. Katika kamera ya kawaida, lenzi na filamu hutazamana sawasawa, kama kurasa za kitabu kilichofungwa, na ule upande wa dunia ulio dhahiri nao huwa sambamba nazo. Lenzi ikiinamishwa, hata kwa nyuzi nane hivi tu, kitabu hufunguka: ukurasa wa filamu, ukurasa wa lenzi, na ukurasa wa vitu vilivyo dhahiri vyote vitatu hukutana katika mstari mmoja, mfano wa kurasa zikutanavyo mgongoni mwa kitabu. Sheria hiyo huitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria, aliyeiandikia hataza huko Uingereza mwaka 1904, ingawa Mfaransa Jules Carpentier alikwisha kuandika jambo la jamaa hiyo mwaka 1901. Scheimpflug alikuwa akishughulika na picha zilizopigwa kutoka katika baluni, nazo zilitoka zimepindika, hazifai kuchorea ramani. Alitaka kuzinyosha.

Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana nitalirudia. Sheria hii haikutafutwa ili kuficha kitu. Ukiinamisha lenzi upande mmoja, ule ukurasa ulio dhahiri hulala juu ya nchi kama mkeka, na picha huonyesha wazi majani yaliyo miguuni pako pamoja na kilima kilicho mbali. Ukiinamisha upande wa pili, ukurasa husimama na kuikata nchi kama kisu, ukabaki ukanda mwembamba, na vingine vyote vikazama. Chombo ni kile kile, na mkono ndio uchaguao.

Lenzi hizo zina kazi nyingine pia, ya kusogea, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yao iliyo bora, ingawa haichekeshi mtu. Nenda Biharamulo ukalipige picha lile boma la zamani la Wadachi. Ukisimama karibu na kuinua kamera juu ili upate ukuta wote, kuta zitatoka zimeegemeana kama watu waliolewa, kana kwamba boma laanguka kwa nyuma. Mwenye lenzi ya kusogea haiinui kamera. Huiacha imesimama wima, akaisogeza lenzi peke yake kwenda juu, na kuta hutoka zimenyooka kama mwashi alivyozijenga. Kamera kubwa za kale, zile za mfuko wa kukunjwa na mpigaji kujifunika kitambaa cheusi, zilifanya mambo hayo yote mawili. Kamera ndogo zilipoenea, uwezo huo ulipotea, mpaka Nikon walipotoa lenzi ya kusogea mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Canon wakatoa mwaka 1973 lenzi iwezayo kusogea na kuinama pia. Mwaka 1991 Canon hao walitoa lenzi tatu za namna hiyo kwa pamoja. Bei ya moja yazidi bei ya ng'ombe kadhaa, na sijaona mtu wa Ngara aliye nayo.

Kijana wetu naye hana. Aliniambia waziwazi, wala hakuona haya, kwamba picha zake amezitengeneza kwa simu. Siku hizi zipo programu nyingi ambazo mtu huweka kidole juu ya picha, akachagua ukanda, na programu ikapaka ukungu juu na chini. Sina ugomvi na njia hiyo. Ila mwenye kutazama kwa makini ataona tofauti, na hapo pana kosa la kazi ambalo yafaa nilitaje. Ukingoni mwa maegesho katika picha ile pana mkaratusi mrefu. Shina lake limo katika ukanda ulio dhahiri, lakini kichwa chake, kwa kuwa kimepanda juu katika karatasi, kimepakwa ukungu pamoja na kilima kilicho nyuma yake mbali sana. Kama mti ule ungekuwa kweli ni mti wa kuchezea juu ya meza, shina na kichwa vingekuwa karibu umbali mmoja na kamera, navyo vingekuwa dhahiri vyote viwili. Programu haijui umbali, yajua juu na chini ya karatasi tu. Basi mti ule umekatwa kichwa, na ukisha kuuona, uongo wote wa picha hulegea.

Hata hivyo picha ya kwanza naipenda, na nitasema kwa nini. Sisi tukaao Ngara tumezoea kuyatazama malori kutoka chini. Hutupita kwa kishindo, yakatujaza vumbi, nasi hujiegemeza kwenye kingo za barabara. Picha hii imetupandisha kilimani, ikayafanya yale makubwa kuwa madogo, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi maisha ya njia panda ile yalivyopangika: malori yamelala kama ng'ombe zizini, moshi wa majiko watoka upande mmoja, na njia nyembamba za miguu zaunganisha kila kitu. Tena milima yetu yafaa sana kwa kazi hii. Olivo Barbieri, Mwitalia aliyejulikana kwa picha za namna hii, alilazimika kupanda helikopta ili kuupiga picha mji wa Roma mwaka 2003, na baadaye miji mingine, hata akafika kwenye maporomoko ya Victoria yaliyo kati ya Zambia na Zimbabwe. Kijana wetu alipanda kwa miguu, akiwa na chupa ya maji. Na kwa kuwa mtu hutazama vitu vya kuchezea kutoka juu, hila hii haifai katika nchi tambarare. Yataka mahali pa kuinamia.

Sasa nafika kwenye picha ya pili, na hapa furaha yangu yakoma.

Picha ya pili ni ya Benaco vile vile, lakini ni ya mwaka 1994. Kijana aliipata katika intaneti, haijui asili yake wala jina la aliyeipiga. Wasomaji walio watu wazima hawana haja ya kukumbushwa. Katika siku moja hivi, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa wingi ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema ni yapata 250,000. Waliketi Benaco, na katika miezi iliyofuata kambi ziliongezeka, Lumasi na nyinginezo, hata wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya. Walikuwamo waliofiwa na watu wao wote, na walikuwamo pia waliofanya mauaji. Mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti mpaka Ziwa Viktoria. Vilima viliachwa vitupu, kwa kuwa kila jiko lilitaka kuni. Kisha mwezi wa Desemba 1996 watu hao walirudishwa kwao kwa daraja lile lile.

Picha hiyo ilipigwa kutoka juu. Yaonyesha vibanda vya maturubai maelfu kwa maelfu, na kati yake watu. Kijana ameipaka ukungu juu na chini, kama alivyoipaka ile ya malori, akaongeza rangi ya maturubai ili ing'ae. Na hila imefanya kazi yake barabara. Kambi imekuwa mchezo wa watoto mezani, na watu wamekuwa wanasesere wadogo wenye kupendeza. Mgeni asiyejua habari angeinunua aitundike sebuleni.

Nilimwuliza kwa nini alifanya hivyo. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, picha ile ilikuwa ngumu. Watu walikuwa hawataki kuitazama. Nimeilainisha tu, wapate kuitazama." Jibu hilo si la kipuuzi, nami nililala nalo siku kadhaa. Ni kweli kwamba picha ya mateso mara nyingi humfukuza mtazamaji. Tena ni kweli kwamba hata picha ya asili, iliyopigwa kutoka mbali na juu, ilikwisha kuwafanya watu kuwa kama nukta. Je, kijana ameongeza dhambi gani?

Ili kulijibu swali hilo nilitafuta picha za mtu mwingine aliyefika Benaco mwaka ule ule, yaani Sebastião Salgado wa Brazil. Bwana huyo, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwezi wa Mei 2025, hakuanza maisha kwa kupiga picha. Alikuwa mtaalamu wa uchumi katika Shirika la Kimataifa la Kahawa huko London, na kazi hiyo ya kahawa ndiyo iliyomleta Afrika kwanza. Picha zake za Benaco zilitoka katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2000 juu ya watu waliohama makwao. Hazina rangi. Walio mbele waonekana mmoja mmoja, na nyuma yao umati, vibanda na moshi vyaendelea mpaka jicho lichoke. Yeye hakukata nchi kwa kisu, alitandika mkeka. Jicho laweza kuanza kwa mtu mmoja na kutembea mpaka kwa maelfu, kisha likarudi kwa yule mmoja, na hapo ndipo mtu huanza kuelewa maana ya hesabu ya 250,000.

Salgado naye hakukosa wa kumlaumu. Susan Sontag, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya kutazama mateso ya wengine, alisema kwamba maelezo ya picha hizo hayawataji watu kwa majina, na kwamba ukichanganya misiba ya nchi nyingi mahali pamoja, msiba huonekana mkubwa mno hata mtazamaji akadhani hakuna lifaalo kufanywa. Wengine walimlaumu kwa kuufanya msiba uwe mzuri mno machoni. Juu ya majina, nakubaliana na Bibi Sontag. Ninaongeza lawama ambayo sijaisikia kwake: katika picha za wageni za mwaka ule, sisi wenyeji karibu hatumo. Mashamba yaliyokanyagwa yalikuwa na wenyewe, na miti iliyokatwa ilikuwa na waliyoipanda, lakini mtu akiziangalia picha hizo atadhani Benaco palikuwa jangwa lisilo na mtu. Juu ya uzuri sikubaliani na hao walaumu. Picha iliyopangika vizuri si lazima iwe ya uongo. Salgado mwenyewe alisema baadaye kwamba mambo aliyoyaona wakati ule yalimwugua, akaacha kamera kwa muda, akaenda pamoja na mkewe Lélia kupanda miti katika shamba la wazazi wake huko Brazil, kazi waliyoifanya kuwa taasisi mwaka 1998. (Huwa nawaza, nikivitazama vilima vya Kasulo, kwamba miche michache ingetufaa na sisi.)

Basi tofauti ni hii. Picha ya malori hutufanyia mzaha, na mzaha huo hauondoi kitu: dereva akiiona hucheka, kisha hushuka kwenda kulala ndani ya lori lake, nalo ni kubwa kama jana. Lakini watu wa mwaka 1994 hawana lori la kurudia. Wengi wao waliobaki kwetu ni picha tu. Ukiwafanya wanasesere katika picha, hakuna mahali pengine ambapo mtazamaji atawakuta wakiwa watu. Na kulainisha kwa ukungu si sawa na kumsaidia mtu atazame, kwa maana anachotazama si kile tena.

Haya yote ni maneno ya mwalimu, na labda nisingeyaamini sana kama si jambo lililotokea mara yangu ya tatu dukani. Aliingia mama mmoja mzee, mwenyeji wa vilima vya karibu, kuja kutoa nakala ya kadi ya mjukuu wake. Akaiona picha ya pili. Akaikaribia mpaka pua yake ikakaribia kioo, akaanza kuipapasa kwa kidole, kushoto, kulia, akishuka chini.

Kijana akamwuliza, "Bibi, watafuta nini?"

"Natafuta pale nilipokaa," akasema. "Nilikuwa nikiwauzia ndizi. Wao walinipa mahindi ya msaada, mimi nikawapa ndizi. Palikuwa na kona ya barabara, na mti. Mbona hapa pana moshi?"

Kijana akamweleza kwamba si moshi, ni mapambo. Mama yule hakuelewa, au labda alielewa vyema, maana alimtazama kwa muda bila kusema. Kona yake ilikuwa chini ya picha, ndani kabisa ya ule ukungu.

Namsifu kijana kwa jambo alilolifanya baada ya hapo. Hakubishana. Aliwasha kompyuta yake, akaifungua ile picha ya asili isiyopakwa kitu, akaikuza kwenye kioo, akamletea mama yule kiti. Mama akakaa mbele yake muda mrefu. Alipoiona kona, aligonga kioo kwa ukucha. "Hapa," akasema. "Na huyu hapa aweza kuwa yule mwenye mtoto mgonjwa." Sidhani mtu yeyote angeweza kumtambua mtu katika nukta ile, nami sikumwambia neno. Akatuhadithia habari za mwanamke yule mpaka malori ya jioni yakaanza kuwasha taa.

Nilipopita wiki iliyofuata, picha ya pili ilikuwa imebadilishwa. Sasa ni ile ya asili, rangi zake zimefifia kama zilivyokuwa, na chini yake kijana ameandika kwa mkono mahali na mwaka. Ameniambia watu huitazama kidogo kuliko ile ya zamani, lakini waitazamao hukaa. Ile ya malori ingali mahali pake, na naomba iendelee kuwapo, ila ningefurahi akimrudishia yule mkaratusi kichwa chake.